Kikombe cha Mwonjaji

Gari la parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka, lilikuwa lije saa kumi kumchukua Désiré Tshimanga kumpeleka gerezani, na mpaka asubuhi ile hakuna mtu aliyekuwa amemletea hata kipande cha mkate. Inspekta Honorine Lombe aliliona hilo kabla ya kuona jambo lingine. Kila anayelala cachot, mahabusu ya polisi, huwa na mtu wake nje: mama mwenye sufuria, mke mwenye kelele, mdogo mtu anayembembeleza askari wa zamu. Désiré hakuwa na mtu. Askari walimgawia chai yao, kisha wakajuta, maana alikuwa na mwili wa kunywa birika zima.

Alikuwa kijana wa mabega mapana, na alikalia kiti cha ofisi kwa woga kana kwamba kiti ndicho kitakachomshtaki. Kwa mujibu wa majirani zake wa Kenya, komini moja ya mji ule wa Katanga, alikuwa amemwua kwa sumu Mwalimu Laurent Mapalo, mstaafu wa somo la hesabu, mzee aliyeishi peke yake nyuma ya ukumbi wa Désiré wa kunyanyulia vyuma. Ushahidi ulikuwa mezani: kopo la mayonezi lisilo na karatasi ya jina, lenye unga mweupe usio na harufu. Majirani walilikuta kando ya maiti. Polisi walipofika, mlango wa ukumbi ulikuwa umeshavunjwa na jirani mmoja alikuwa ameshatumwa petroli ya kumchomea Désiré. Jina la Désiré la Kikasai, la watu wanaohesabiwa wageni Katanga, liliwasaidia kuamua haraka. Hakuna aliyelisema hilo waziwazi, ila kila mtu alilielewa.

"Désiré," alisema Honorine, "hii unga njo nini?"

"Créatine, mama inspecteur."

"Iko sumu?"

"Apana! Njo bintu ya sport. Hata mu nyama iko, hata mu samaki, paka kidogo tu. Shiye ba musuli tunakunywaka juu ya kupata nguvu. Nilinunua mufuko munene kwa bale banatoka Lusaka, nikagawanya mu makopo."

"Na muzee wa miaka sabini na kitu, musuli ilikuwa ya kufanya nini?"

Désiré alitazama mikono yake. "Alikuwa anashindwa kusimama. Akiikala pa kiti, basi, anangojea muntu apite mu avenue amunyanyue. Siku ingine hakuna muntu, anabakia pale. Tena alianza kusahau bintu. Ye mwalimu, anasahau saba mara nane! Ile ilimuuma sana. Akasikia ku radio banasema ile unga inasaidia misuli ya bazee, na pengine hata akili. Akakuya ku salle yangu ya byuma: 'Mutoto, nipe na miye.' Njo nikamufundisha. Anasimama, anaikala, anasimama, anaikala. Na kijiko ya unga mu munkoyo, kila asubuhi."

Honorine aliinua macho. Munkoyo aliujua, kinywaji kile cha mahindi na mizizi ambacho kila mtoto wa Katanga amekinywa kabla ya kuota meno. Kilichomshangaza ni kitu kingine. "Muzee alikubali kunywa unga ya muntu bule?"

"Alikuwa anakunywa nyuma yangu, mama. Miye njo ninaanza."

Huo ni mtindo wa kale, na kila aliyelelewa vizuri anaujua. Anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ndipo akupe, ili kutoa ulozi. Vijana wa siku hizi wanafanya kwa mzaha, wanapiga funda moja na kucheka. Mwalimu Mapalo hakuwa na mzaha. Kwa maelezo ya Désiré, alimtazama mwonjaji mpaka koo lake lishuke, kisha akamwongelesha kidogo kuona kama ulimi umebaki mzima, ndipo akainua chake.

"Kila siku ulionja?"

"Kila siku. Kikombe yangu, kikombe yake, tunachota mu chombo moja. Mama, kama iko sumu, miye ningekufa wa kwanza."

Honorine alikuwa ameshika kalamu aliposikia mtu akigonga mlango na kuufungua bila kungoja jibu. Alikuwa Christiane Mapalo, binti wa marehemu na mtoto wake pekee aliye hai. Alikuwa ameolewa Lukafu na analima huko. Alifika mjini kwa lori la mahindi aliposikia msiba, na tangu afike alikuwa hajaondoka kwenye benchi la polisi. Viatu vyake bado vilikuwa na tope jekundu la shambani.

"Anadanganya," Christiane alisema, bila kumwangalia Désiré. "Papa alinipigia mwenyewe. Alienda ku clinique, baliona mu damu créatinine iko juu sana. Balimuambia: muzee, figo yako inakufa. Nani aliua figo? Njo hii unga! Jina moja, mama inspecteur. Créatine, créatinine. Hata mutoto anaona."

Akaweka mezani karatasi ya kipimo iliyokutwa mfukoni mwa marehemu. Honorine aliisoma. Namba ilikuwa juu kweli, na mtu wa zahanati ile ya mtaani alikuwa ameizungushia kalamu nyekundu mara mbili, kama mwalimu anayemkomoa mwanafunzi.

"Sitamuzika papa," Christiane aliendelea, "mpaka huyu aende kwa nafasi yake, mu gereza."

Désiré alikuwa ameanza kulia polepole, kwa aibu ya mtu mkubwa wa mwili.

Honorine alisimama, akavaa koti. Angeweza kusaini karatasi pale pale na kwenda kunywa kahawa, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini wenzake wa kazi walimjua: akishapewa jibu rahisi, hutafuta la pili. "Funga mukaba wako," alimwambia Désiré. "Tunaenda kutoa damu."

* * *

Daktari Gaëlle wa maabara ya hospitali alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuuza sokoni. Ndiye aliyekuwa ameupima mwili wa mzee. Honorine alimkuta anakula karanga juu ya meza ambayo hangependa kujua iliwekwa nini kabla ya karanga. Damu ya Désiré ilikuwa imeshapita kwenye mashine.

"Angalia sasa," Gaëlle alisema. "Créatinine ya kijana wako: iko juu. Ya muzee ku karatasi ya clinique: iko juu vilevile."

"Basi na Désiré anakufa?"

Gaëlle alicheka mpaka karanga zikaruka. "Ule? Ule anaweza kunibebea frigo yote na madawa ndani! Figo yake iko nzima kabisa. Sikiliza, Honorine. Mwili ukishatumia créatine, kunabakia takataka, njo créatinine. Kazi ya figo ni kufagia ile takataka na kuitupa na mukojo. Ukimeza unga, takataka inaongezeka. Ukipika sana, majivu yanakuwa mengi, si vile? Majivu mengi haisemi kama mwenye kufagia iko mugonjwa."

"Na pale clinique?"

"Pale baliona majivu, bakasema mwenye kufagia anakufa. Mukojo wake siku ile ulikuwa safi, iko imeandikwa pale chini, hakuna mwenye alisoma. Wangeuliza tu, 'Papa, unakunywa nini?' Habakuuliza. Na yeye hakusema."

"Juu ya nini hakusema?"

"Haya, banaume! Muzee atasema mbele ya infirmière mudogo mwenye kumutoa damu kama anakunywa dawa ya batoto ya musuli?"

Honorine hakucheka. "Ile unga ilikuwa inamusaidia kweli?"

"Misuli, ndiyo, kama anafanya mazoezi, na alikuwa anafanya. Mapaja yake nimeyaona, si mapaja ya muntu wa kubebwa. Ya akili, banazungumza sana, lakini bado banachunguza. Kumuua, apana. Na nimepima kopo: créatine tupu, hakuna kintu ingine ndani."

"Basi alikufa na nini, Gaëlle?"

Daktari alifuta mikono, na uso wake ukabadilika. "Figo iliungua. Kweli iliungua, na maini vilevile. Lakini ni kintu ya sasa, ya siku ya mwisho mwisho, nyuma ya kile kipimo. Alikunywa kintu kali, na alikunywa mingi. Rudi ku nyumba ya muzee, mutafute mbele gari ya parquet haijafika."

* * *

Nyumba ya Mwalimu Mapalo ilikuwa chumba kimoja na pazia katikati. Askari walikuwa wameshaipekua, kama tunaweza kuita hivyo. Polisi wakishaona unga mweupe hutosheka, hawatazami tena chini ya kitanda. Honorine alifunga mlango ili watoto wa uani wasichungulie, akaanza upya.

Upande wa mbele kulikuwa na meza, kiti, na rafu. Juu ya rafu, vikombe viwili vya bati, safi, vimefunikwa. Kwenye meza, glasi mbili za maji. Hata kwenye ndoo ya maji ya kunywa kulikuwa na kata mbili. Mtu anayeishi peke yake, asiye na mgeni ila kijana mmoja wa vyuma, alikuwa ameweka kila kitu cha kunywea viwili viwili. Kiti chake kilielekea mlangoni, na karibu na mguu wa kiti sakafu ilikuwa imechimbika kwa visigino vya mtu aliyekuwa akisimama na kukaa. Kiti cha Honorine mwenyewe nyumbani kilielekea mlangoni vilevile, na hakuna aliyekuwa akija.

Alipita nyuma ya pazia. Kitanda, Biblia, sanduku la nguo. Chini ya kitanda, upande wa ukutani, palikuwa na chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, imefungwa shingoni kwa kitambaa cha kitenge. Ilikuwa tupu, na kwenye kitako imebaki tope la kahawia lenye vipande vya mizizi. Alifungua kizibo, akanusa, akageuza uso haraka. Kando yake palikuwa na kikombe.

Alilala kifudifudi, akamulika kwa simu mpaka pembeni kabisa. Akavuta sanduku. Akatikisa godoro. Hakukuwa na kikombe cha pili.

Akatoka nje, akamwita Mama Claudine, jirani wa ng'ambo ya avenue aliyekuwa akimuuzia mzee munkoyo. Mama Claudine alikuwa miongoni mwa waliovunja mlango wa Désiré, na kwa sababu hiyo alikuja akiwa na adabu nyingi kupita kawaida.

"Mama, papa Laurent alikuwa anaonjesha bantu?"

"Ayayaa! Miye mwenye kumuuzia munkoyo miaka yote, kila siku ninakunywa mbele yake. Batu banacheka, banasema hata ku kanisa alikuwa anangojea kwanza pasta akunywe."

"Na hii?" Honorine alimwonyesha chupa.

Uso wa Mama Claudine ulilegea. "Ile ilitoka Lukafu. Dawa ya kuosha figo. Camion ya mahindi njo ilileta. Mama inspecteur, ile siku papa alitembea nayo mu avenue yote, yeye mwenye hapendi kutembea. Anaonyesha kila muntu: 'Munaona? Mwana wangu hajanisahau.' Alikuwa na furaha kama mutoto wa siku ya Noël mwenye nguo mupya."

"Ulisema hii kwa polisi?"

"Habakuniuliza. Na tena..." Mama Claudine alishangaa swali lenyewe. "Ile ilikuwa ya mwana wake. Kuna nini ya kusema?"

Honorine hakumlaumu. Yeye mwenyewe, kama angeulizwa asubuhi ile, asingeiweka dawa ya mwana katika hesabu ya vitu vya kushukiwa. Waswahili wanasema kikulacho ki nguoni mwako, lakini msemo huo huwa tunaukumbuka kwa majirani na wake wadogo. Alifunga chupa ndani ya mfuko, akaita pikipiki na kuipeleka kwanza kwa Gaëlle. Njiani alijiuliza atamwambiaje Christiane.

* * *

Aliwaweka uso kwa uso, kama kazi inavyotaka: mlalamikaji upande huu wa meza, mshtakiwa upande ule mwenye pingu, yeye katikati. Gaëlle alikuwa ameshampigia simu. Mizizi ile ilikuwa kali, na kwa kipimo cha chupa nzima ingeweza kumwangusha hata Désiré.

"Mama Christiane," alianza, "kipimo ya clinique ilikosewa. Papa wako alikuwa na figo nzima siku ile. Ile unga ilipandisha namba, basi. Haikumuua."

"Nani anasema?"

"Daktari. Na damu ya Désiré. Alikuwa anakunywa ile unga na papa wako, chombo moja."

Christiane alimtazama Désiré kwa mara ya kwanza. Alimkagua mabega, shingo, macho mekundu ya kukosa usingizi. "Basi nani alimuua papa wangu?"

Honorine aliitoa chupa kwenye mfuko, akaiweka mezani. Kitambaa cha kitenge kilikuwa bado shingoni, na sketi aliyovaa Christiane ilikuwa imekatwa kwenye kitenge hicho hicho.

Christiane alikigusa kitambaa, akasema kwa sauti ndogo, "Nilisema kijiko. Nilimupigia simu, nikamuambia papa, kijiko moja asubuhi, kijiko moja magaribi. Ile dawa iko kali. Mama mukwe wangu njo alichemusha. Miye nilishindwa kukuya, barabara iliharibika na mvua, na mashamba... Nilisema kijiko, mama inspecteur."

"Ninakuamini."

"Na yeye alikuwa anaogopa kila kintu! Hata chai yangu, miye mwana wake, nikiwa mutoto ninamuletea, anasema: 'onja kwanza.' Asingekunywa bila muntu kuonja!" Akamgeukia Désiré, na sasa ilikuwa karibu kama anamwomba. "Ulionja? Si ulikuwa unaonja kila kintu? Basi na hii ulionja. Sema ulionja!"

Kwa neno moja la ndiyo kutoka kwa Désiré, Christiane angepata pa kushika. Honorine aliona jinsi kijana alivyolitamani neno hilo, kwa ajili ya yule mwanamke. Lakini alikuwa hajui kusema uongo. Hata unga alikiri mwenyewe kwamba ni wake, na huko ndiko kulikomleta mpaka pale.

"Nilitaka kuonja, yaya," Désiré alisema, akimwita kama dada yake mkubwa. "Kwa polisi sikusema, juu iko dawa yako, sikuizania mubaya. Nilishika kikombe. Alininyang'anya. Akasema, 'Weka chini. Ya mwana wangu haionjwi.' Nikamuambia, papa, basi tupime na kijiko. Akasema: 'Ameniletea chupa nzima kutoka mbali. Nikiacha hata kidogo, akikuya atasikia mubaya.'"

Christiane alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Kilio kilichotoka hapo hakikuwa cha kufiwa, maana kile alikuwa ameshakililia. Kilikuwa kingine, na askari wa mlangoni aliingia akidhani kuna mtu ameumizwa. Honorine alimwashiria atoke. Alitaka kumshika bega yule mama, akakosa njia, akabaki na mkono mezani.

Ilichukua muda. Mwishowe Christiane alijipangusa kwa ncha ya kitenge. "Mufungue yeye," alisema. "Miye munifunge."

"Nitamufungua. Utaondoa malalamiko, nitapigia parquet, ataenda ku kwake." Honorine alisita, kisha akasema lililobaki, kwa sababu kuficha kungekuwa ukatili wa aina nyingine. "Lakini nitaandika yote vile ilikuwa. Jina yako itakuwa ndani. Batakuita, bataulizia ile dawa. Sizani batakufunga. Sijui."

"Andika."

Aliandika. Christiane alisaini bila kusoma. Honorine alimfungua Désiré pingu mwenyewe; kijana akasimama akijisugua mikono, hajui kama anaruhusiwa kuondoka au bado anatakiwa kungoja kitu. Gari la parquet lilipofika, dereva aliambiwa arudi mtupu, akalalamikia mafuta yake.

"Yaya," Désiré alisema, "pole."

Christiane alitikisa kichwa. Alikuwa ameshatoa simu yake, anaitazama kama mtu aliyesahau alitaka kumpigia nani. "Ninapaswa kuita bantu kwa kilio," alisema. "Kesho tutamuzika. Barafiki ya papa njo banani? Bale alikuwa anazungumuza nabo, bale balikuwa banamutembelea. Miye sijui hata moja."

Désiré alitazama sakafu. Alifikiri kweli, kwa uaminifu, kama mwanafunzi aliyesimamishwa ubaoni.

"Njo miye," alisema.

"Na bengine?"

"Hakuna bengine, yaya. Ilikuwa paka miye tu."

Christiane alirudisha simu mkobani. Walisimama wawili pale, binti na yule aliyetaka afungwe, wakiangalia mlango bila mmoja kuwa wa kwanza kutoka. Honorine alifunga faili, akalitia dawatini.

"Basi tutakuwa batatu," alisema. "Niambieni paka saa."